Noeli ya Sufu Kuukuu

Jabe, Bujumbura
17 Septemba 2023

Mama mukubwa mpendwa,

Nakusalimu sana kutoka kwetu Jabe, nikiomba barua hii ikukute mzima na miguu iwe imepungua kuvimba. Sisi tuko. Mume wangu Mugisho anakusalimu. Kazi ya gereji inajikokota, maana mafuta yamekuwa shida mjini, na gari ambalo halitembei haliharibiki. Ansima wetu ameingia darasa la tatu na jino la mbele limemtoka, kwa hiyo siku hizi anacheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Hii unaletewa na Callixte, yule wa boti anayepeleka sabuni na saruji huko Kalemie. Najua simu huisikii tena, na hupendi jirani akusomee ujumbe wangu kwa sauti kubwa uani. Basi tutaandikiana kama ulivyotuzoesha tangu tuko wadogo nyumbani kwako.

Neno langu ni dogo. Mwaka jana Noeli nilimnunulia Ansima mwanasesere wa plastiki. Hata mwaka mpya haujafika, mkono ukatoka, kisha kichwa. Mtoto alilia kama amefiwa. Mwaka huu nimeamua: zawadi zote za Noeli, za nyumbani na za marafiki, nitazitengeneza kwa mikono yangu. Jirani yangu Asiya, Mwislamu wa hapa hapa mjini tangu babu zake, anauza nguo za mitumba sokoni. Masweta yaliyotoboka viwiko, yale ambayo hakuna anayeyagusa, ananiachia mimi. Nayafumua, nafua uzi, nautundika kwenye kamba na jiwe chini ili unyooke. Nimepata bluu, nimepata kahawia, na nyekundu moja nzuri ajabu ambayo sijui niifanye nini.

Shida ni kofia ya Mugisho. Nikifika juu inakataa kufunga, inabaki kama sufuria. Wewe ulikuwa unafanyaje?

Dada yangu mkubwa, yaya Médiatrice, nilikutana naye kule madukani Quartier Asiatique, tukasimama kidogo. Alikuulizia.

Mtoto wako,
Nsimire

*

Kalemie
4 Oktoba 2023

Mwanangu Nsimire,

Nimepokea barua yako, nikaisoma mara mbili, ya kwanza kwa haraka na ya pili kwa raha. Msalimie Mugisho. Mwambie Ansima kwamba hata mimi sasa nacheka nikiwa nimeziba mdomo, na kwangu hakuna jino litakaloota. Msalimie na huyo Asiya wako. Mtu anayekuachia uzi bure ni ndugu.

Huku mvua imeanza mapema. Bati la jikoni lilikuwa linavuja, fundi amelipiga lami. Kaburi la baba yako mukubwa Mirindi nimelipalilia, nimepanda maua yale ya njano aliyokuwa akiyasifia kwenye ua wa parokia.

Sasa kofia. Wewe unataka kuifunga kwa siku moja, ndiyo maana inakuwa sufuria. Ukifika pale inapoanza kukunjamana, chukua vitanzi viwili uvifanye kimoja, halafu fuma vichache vya kawaida, kisha tena viwili kuwa kimoja, kila mzunguko. Itajifunga yenyewe bila kulazimishwa. Nakutumia sindano yangu nyembamba ya kroshe. Mimi macho bado yanaona, lakini vidole vinakufa ganzi.

Niandikie kila zawadi unayotengeneza na mwenye kuipata, nifurahi nawe. Lakini barua yako ilikuwa na watu wengi. Wengine si lazima uniandikie.

Mungu awalinde.
Mama mukubwa Orpha

*

Jabe
29 Oktoba 2023

Mama mukubwa mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa wote wanaoketi hapo barazani. Kofia imefunga! Niliivaa mwenyewe nikazunguka nayo nyumbani, Mugisho akaingia ghafla nikaikalia. Sindano yako inateleza kama imepakwa mafuta. Mwanasesere wa Ansima ana kichwa na mwili, amejazwa vitambaa ambavyo fundi cherehani Twalibu ananihifadhia chini ya mashine yake. Twalibu mwenyewe namtengenezea kimto kidogo cha kuchomekea pini, cha kufunga mkononi kama saa, maana pini zake huwa anaziweka mdomoni na siku moja atameza. Asiya nitampambia ukingo wa mtandio. Nilimuuliza kama si vibaya kupokea zawadi ya Noeli. Alinijibu, "We tengeneza tu. Siku ya Idi nitakulipa na wewe hutakataa."

Sasa utanisamehe, maana kuna mtu uliniambia nisimwandike, na leo nikimwacha barua itakuwa na shimo katikati.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi huu nilikuwa uani nafumua sweta, nikaona yaya Médiatrice amesimama mlangoni. Ametoka kwake Gihosha, juu mlimani, kwa miguu, mama, mpaka Jabe, kwa kuwa teksi hazikuwepo. Viatu ameshika mkononi. Nikampa maji, akanywa, akaangalia uzi uliotapakaa, akasema:

"Ni kweli unatengeneza zawadi za Noeli na mikono?"

"Ni kweli, yaya."

"Nifundishe."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Wewe unamjua, mimi nilipokuwa nakaa miguuni kwako na uzi, yeye alikuwa dukani na baba mukubwa akipanga maboksi. Nikamwambia, "We ni mutu wa ofisi, nenda Asiatique ununue kitu kizuri."

Akasema, "Kile ninachotaka hakiuzwi," akakaa chini kwenye mkeka na nguo zake za kanisani.

Nikamuuliza anamtengenezea nani. Alichagua ile nyekundu.

Alikuja tena Jumapili iliyofuata. Sasa mimi ndiye ninayepanda Gihosha, siku za kazi zikiisha. Anajifunza polepole. Anabana uzi mpaka sindano haipiti, namwambia alegeze, analegeza mpaka unatoka wote. Lakini haachi.

Usinikasirikie.
Nsimire

*

Kalemie
16 Novemba 2023

Mwanangu Nsimire,

Salamu nyingi. Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kikohozi, na kwa sababu nyingine ambazo si za kuandika. Sasa nimepona. Bati la jikoni halivuji tena. Binti wa jirani ameolewa, tulikula na kuimba, mimi nikacheza nikiwa nimekaa.

Nywele za mwanasesere usizibandike kwa gundi, zitatoka. Pitisha kila uzi kichwani na ufunge fundo kwa ndani. Macho yashone kwa uzi, usiweke vifungo, mtoto atavitafuna. Huyo fundi wa pini nimempenda kabla ya kumwona.

Huyo mwingine aliyekuja kwako hakuwahi kushika sindano hata siku moja. Vifungo vya sare yake ya shule nilishona mimi mpaka anamaliza masomo. Mkono wake wa kushoto ndio wenye nguvu, sijui kama unakumbuka; ukimfundisha kwa mkono wa kulia utamchosha bure. Kaa mbele yake, si pembeni, akuangalie kama kioo.

Ni hayo tu kuhusu kufuma.

Lakini nina swali. Umesema sasa unapanda wewe. Mtu aliyetembea kutoka Gihosha mpaka Jabe na viatu mkononi, kwa nini hashuki tena? Usinizungushe. Nijibu.

Mama mukubwa Orpha

*

Jabe
26 Novemba 2023

Mama mukubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima yote. Sisi wazima. Leo sina habari nyingine, nikianza kuzitafuta nitakuwa nakukimbia.

Barua yako niliipeleka Gihosha. Nilikaa mbele yake kama ulivyosema, nikamwekea sindano mkono wa kushoto, na uzi ukaanza kutembea. Aliniuliza nimejuaje. Nikamwambia ni wewe. Akafuma mstari mzima bila kuinua macho. Kisha nikamwambia, "Mama ameuliza kwa nini haushuki. Nimujibu nini?"

Akasema, "Mwambie yote. Mi nimejaribu kuandika, karatasi inabaki nyeupe."

Basi nakuambia kwa ruhusa yake.

Siku ile tulipopata habari kwamba baba mukubwa Mirindi amefariki, yaya alikuwa kitandani hospitalini. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Hakukuambia mapema, alitaka kuvuka ziwa mwenyewe aje akuonyeshe tumbo, wewe na baba. Mtoto alikuwa amefia tumboni. Loïc, mume wake, alishika simu ili akupigie, naye akamnyang'anya. Nilikuwa nimesimama pale, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mama iko na maiti moja mu nyumba. Siwezi kumupelekea ingine." Ndipo Loïc akakutumia ule ujumbe kwamba kazi imemzuia yaya kuja kumzika baba. Wewe ukasema mbele ya waombolezaji kwamba huna mtoto Gihosha, na maneno yale yakamfikia akiwa bado hajaweza kusimama.

Aliniapisha nisiseme. Nimekaa na neno hili kama mtu aliyeshika kaa la moto, na kila barua yako nilikuwa nasoma nikitafuta jina lake.

Sasa ana mimba tena, mama. Daktari amemwambia alale mpaka siku ya kuzaa. Ndiyo sababu hashuki. Amelala kwa ubavu, uzi mwekundu umemwagika kitandani, na anafuma.

Anasema hakuombi kitu. Anataka tu ujue alikuwa wapi.

Nsimire

*

Jabe
13 Desemba 2023

Mama mukubwa,

Salamu zetu zote. Callixte anaondoka asubuhi hii, kwa hiyo naandika nimesimama. Kifurushi hiki hakitoki kwangu. Mimi sikushika hata kitanzi kimoja. Nilipoona ukingo umepinda nilijitolea kuunyoosha, akaniambia, "Usiguse. Akiona imenyooka atajua ni yako."

Noeli njema, mama.
Nsimire

*

Jabe
27 Desemba 2023

Mama mukubwa mpendwa,

Noeli imepita, na natumaini kwako imepita vizuri, na ulipata samaki na mtu wa kula naye.

Nikuambie ya huku. Mugisho alivaa kofia yake kanisani kwenye joto hili, jasho linamtoka mpaka shingoni, na kila aliyemuuliza alimwambia, "Mke wangu." Hakuivua mpaka padri alipomwangalia. Ansima amemwita mwanasesere wake Bibi Orpha, nami sikumkataza. Twalibu amefunga kile kimto mkononi, anawaonyesha wateja kama saa ya dhahabu. Asiya alivaa mtandio wake, akaja kwetu na sinia la pilau akisema hakuweza kusubiri Idi. Tulikula sote uani, na Mugisho akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba. Mama, nimenunua zawadi miaka mingi, na sikuwahi kuona watu wakishika kitu hivi, wanakigeuza, wanatafuta pale kilipoanzia.

Yaya nilimpelekea soksi, kwa kuwa miguu yake inapata baridi kwa kulala. Alikuwa ametengeneza kamba ya kuning'iniza funguo kwa ajili ya Loïc, ya kijani, mbaya kabisa, na Loïc ameifunga kwenye mkanda ili kila mtu aione.

Aliniuliza kama boti imerudi. Nikamwambia ziwa limechafuka.

Si kweli. Callixte alirudi kabla ya Noeli. Alinieleza hivi: "Nilimupa mkononi mwake. Hakufungua. Nikamuuliza kama kuna jibu, akasema hakuna, akaingia ndani."

Mama, mimi sikulaumu. Wewe ndiye uliyenilea mama yangu alipokufa, na siku hiyo hukuniuliza kama nina haki ya kula kwenye meza yako. Lakini ninapopanda ule mlima wa Gihosha sasa, nasimama kila kona ili nichelewe kufika. Nimweleze nini? Kama umekasirika kwa sababu nilificha, nikasirikie mimi peke yangu. Niandikie hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Nsimire

*

Kalemie
28 Desemba 2023

Mwanangu mpendwa Nsimire,

Nakusalimu wewe, Mugisho, Ansima, na jirani zako wote wanaokupenda. Natumaini mliimba na mkashiba.

Callixte atakuwa amekuambia kwamba nilimjibu hakuna jibu. Ni kweli nilisema hivyo. Alikuwa amesimama mlangoni na mimi nilitaka kubaki peke yangu. Barua yako ya Novemba ilinikuta jikoni, nikakaa chini pale pale karibu na moto, na ugali ukaungua. Kwa siku nyingi sikuweza kushika kalamu. Nilikuwa nikianza "Mwanangu," mkono unasimama, maana sikujua namwandikia mwanangu yupi.

Nilikwenda makaburini. Nilimwambia baba yako mukubwa Mirindi kwamba huko aliko kuna mjukuu wetu, amtafute, amshike, asimwache peke yake na watu asiowajua. Nilikaa naye mpaka jua lilipoanza kuniumiza kichwa.

Kifurushi nilikifungua asubuhi ya Noeli. Ni shali nyekundu. Mwanangu, imepinda! Mwanzo ni nyembamba kama tai, katikati inapanuka, na kuna mahali vitanzi vimerukwa mpaka kidole kinapita. Mwanzoni uzi umebanwa kama mtu aliyekunja ngumi. Halafu unaanza kulegea. Niliweza kuona ni wapi ulimhamishia sindano mkono wa kushoto. Na mwisho kabisa, vitanzi vya mwisho, vimetulia, ni vizuri, hata mimi singevifuma vizuri zaidi. Nilikaa kitandani na shali magotini nikiifuata kwa vidole kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Unajua joto la Kalemie mwezi huu. Nilijifunga shali, nikaenda nayo kanisani. Wanawake wa kwaya waliniangalia. Mmoja akainama, akanipigia kelele kwenye sikio langu zima: "Mama Orpha, we ni mugonjwa? Unasikia baridi?"

Nikamwambia, "Apana. Niko muzima."

"Sasa hii umenunua wapi?"

Nikasema, "Haikununuliwa. Amenifumia mutoto wangu Médiatrice, wa Bujumbura."

Nilisema kwa nguvu, kama viziwi wanavyosema, kanisa lote likasikia. Jina hilo lilikuwa halijatoka mdomoni mwangu tangu mazishi. Yule mama akaikunja pembe ya shali mkononi mwake, akasema, "Amejifunza juzi juzi." Nikasema ndiyo, amejifunza juzi juzi. Tukacheka mpaka machozi, na yangu hayakukoma upesi kama yake.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ina jina lake. Usimtume mtu. Panda nayo wewe mwenyewe. Akiisoma, kaa karibu lakini angalia pengine. Usinieleze alivyolia au alivyonyamaza, hayo ni yake. Kisha umpikie uji wa ulezi, mzito, ule wa kwangu.

Wewe sijakukasirikia. Ulikuwa kama mtoto katikati ya watu wazima wawili wenye vichwa vigumu.

Mama yako,
Orpha

*

Gihosha, Bujumbura
18 Februari 2024

Mama yetu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na leo nakuandikia nikiwa kwenye meza ya yaya, na mlango wa chumbani uko wazi.

Kuhusu ile bahasha umenikataza kueleza, basi sielezi. Nitasema tu kwamba uji ulipoa, nikapika mwingine, na huo nao ukapoa.

Alizaliwa Alhamisi asubuhi. Mtoto wa kiume. Uchungu ulikuwa mrefu, na Loïc alitembea kwenye uwanja wa hospitali mpaka mlinzi akamletea kiti. Ilifika saa ambayo manesi waliacha kuongea, nami nikashika mkono wa yaya bila kuweza kuomba sala hata moja. Akaniambia, "Nsimire, mi nitamusikia huyu." Halafu tukamsikia. Mama, alilia kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Yaya hakulia. Alikuwa anacheka na kusema, "Muache alie, muache alie."

Wote wawili wazima. Mtoto ana paji la uso la baba mukubwa Mirindi, pana, na mikunjo yake ya mtu mwenye duka. Jina hawajampa. Wamekataa. Yaya anasema bibi yake ndiye atakayesema anaitwa nani, na mpaka hapo tunamwita "Mgeni". Asiya amekuja kumwogesha mara mbili na anasema mtoto hawezi kuitwa Mgeni kwa muda mrefu, atazoea.

Kitanda chako kimetandikwa, kwenye chumba kinachopata upepo. Usilete kitu. Usilete unga, usilete samaki, usisingizie miguu wala bati la jikoni.

Yaya anataka kuongeza neno kwa mkono wake, lakini amelala sasa, na mtoto juu yake, na sitaki kumwamsha. Callixte anapakia Jumanne. Nitampa barua hii, na nimemwambia asirudi bila wewe.

Nsimire